Kalma Waliyompa Mama

Mama yangu ameanza tena kunitukana, na ninamshukuru Mungu kwa kila tusi. Jana aliniita jizi la vitambaa. Juzi aliniita Mufaransa, jina alilonibandika tangu nilipokwenda chuo kikuu kusoma fasihi ya Kifaransa badala ya kusoma, kama alivyotaka yeye, kitu chenye faida kama uhasibu. Kwa hiyo inawezekana juzi alinijua na jana hakunijua. Sijali. Kuna miezi nilikaa mbele ya mama huyuhuyu, mdomo wazi, mate yakimtiririka kidevuni, huku wageni wakiingia sebuleni kwangu na kusema, "Mashallah, ametulia."

Naandika kwa sababu najua kuna mtu saa hii ana mzazi aliyepotewa na kumbukumbu, na mkononi ana kidonge alichopewa ili mzazi huyo atulie. Ningependa asome haya kabla hajachota maji ya kumezea. Mimi si daktari. Ni mwandishi wa makala ambazo watu huzisoma wakisubiri chai ipoe, na chai ikipoa wanaziacha katikati. Safari hii naomba chai isubiri.

Mama, Bi Zaina kwa wanaomfahamu, aliuza vitenge katika soko kuu la mjini hadi asubuhi ile lilipoungua. Vitambaa vyake viliteketea vyote. Hakulia mbele yetu. Alijibanza kwenye kona ya duka la rafiki yake mtaa wa Asiatique, akaendelea kuuza mpaka goti lake la kulia lilipokataa kabisa. Miaka ikapita. Kisha kumbukumbu zilipoanza kumtoka, moja baada ya nyingine, soko lilimrudia.

Kila siku baada ya adhuhuri aliamka usingizini, akajifunga mtandio, akaelekea getini. Anakwenda kufunga meza yake, alisema, kabla wezi hawajaanza kupita. Mimi, mtu niliyesoma, nilimweleza ukweli. "Mama, soko liliungua." Akasimama, akashika kichwa, akauliza kama watu wametoka, kama jirani yake wa meza ya pili ametoka, akaanza kulia kilio kile ambacho hakukilia mwanzo. Kesho yake akaamka, akajifunga mtandio. Mjini soko liliungua mara moja. Nyumbani kwangu liliungua kila siku, na mimi ndiye niliyelichoma.

Naishi Kinanira, mlimani, ambako ukisimama getini unauona mji wote chini yako na ziwa nyuma yake. Kwa mtu anayetafuta soko lake, hapo ni pabaya pa kukaa. Mama alikuwa akiuona mji, akitaka kuteremka, na goti likimgomea njiani. Consolate, dada anayenisaidia kumtunza, alimkuta mara kadhaa ameketi kwenye ukuta wa jirani, anakanda goti na kuwalaani wapita njia wote kwa kutomnunulia.

Halafu kukaja kupiga. Alimpiga Consolate kila alipomkalisha kwenye kigoda kumwogesha. Alimrushia kopo la maji. Alipiga mayowe hadi mbwa wa mtaa wakaitikia. Majirani zangu ni watu wapole kwa ule upole unaouma. "Bibi anaendeleaje?" waliniuliza. "Jana tulimusikia."

Mdogo wangu Saidi, ambaye ana duka la vipuri vya magari huko Asiatique, alikuja siku moja akamkuta Consolate na jicho limevimba. Akaketi, akavua kofia.

"Dada, hii haiwezekani. Tumupeleke kwa muganga, bamupe kalma."

Hapa lazima nisimame nieleze neno, kwa kuwa neno hilo ndilo lililotupiga. Wafaransa wana *calmant*, dawa ya kutuliza. Sisi tulilichukua, tukalikata mkia, tukalipa kazi moja tu: kalma ni dawa ya maumivu. Kichwa kinauma, kalma. Jino linauma, kalma. Mwenye kibanda anayeuza vidonge karibu na sabuni na mishumaa, unamwambia nipe kalma, anakupa, hakuulizi chochote. Nyumbani kwangu kalma zilikaa ndani ya kopo la zamani la maziwa ya unga, juu ya friji. Zilikuwa za goti la Mama. Lakini tukizungumzia mtu aliyechachamaa, tunasema pia apewe kalma, na hakuna anayeshtuka kwamba neno limebeba mizigo miwili. Hata mimi sikushtuka, na nina shahada. Tasnifu yangu, iliyonichukua ujana wangu, ilihusu maneno yenye maana mbili. Waliosahihisha walisema ni kazi yenye makini.

Muganga kwetu ni daktari yeyote, kwa hiyo tulimpeleka kwenye kliniki moja Rohero, safi, yenye kiyoyozi na viti vya plastiki vya rangi ya chungwa. Jina lake sitalitaja. Tulikaa sana pale ukumbini. Mama alichoka kutazama televisheni isiyo na sauti, akageuka, akashika sketi ya mama mmoja aliyeketi pembeni yake, akaisugua kwa kidole gumba na cha shahada.

"Hii walikuibia," alimwambia. "Ukifua mara moja inatoka rangi. Njo kwangu, mi niko na kitenge ya waksi ya kweli."

Nikafungua mdomo kuomba radhi. Yule mama, Mungu amjalie, alinizuia kwa mkono.

"Utaniachia bei gani, mama yangu?"

"Kwanza we unataka vipande ngapi? Usinipotezee saa."

Walipatana bei hadi jina letu likaitwa. Katika ugonjwa huu wote, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenionyesha namna ya kuzungumza na mama yangu, na sikujua kwamba nilikuwa nimeshapata matibabu, kwamba ningeweza kugeuka pale pale na kurudi nyumbani.

Daktari alikuwa na simu mbili na kiti kinachozunguka. Aliongea nami kwa Kifaransa, juu ya kichwa cha Mama, kama watu wanaoongea juu ya ukuta. Ana fujo? Ndiyo, hasa alasiri, na akiogeshwa. Anapiga? Anapiga. Halali? Halali vizuri. Hakuuliza kwa nini akiogeshwa. Hakuuliza juu ya goti, wala hakutazama namna mgonjwa alivyokaa, mguu mmoja ameunyoosha kama fimbo.

Mama alinivuta mkono. "Mwambie huyu mutoto mi niko mukubwa wake. Asalimie kwanza."

Daktari akanitabasamia mimi, tabasamu la mtu anayemvumilia mzazi ambaye mwanawe amevunja kikombe. Akaandika. "Nampa kalma," alisema. "Kidonge kimoja jioni. Akisumbua sana mnaweza kuongeza."

Tukatoka. Sikuuliza kalma ipi, na yeye hakusema. Katika duka la dawa walihesabu vidonge kutoka kwenye chupa kubwa, wakavitia katika bahasha ndogo ya karatasi, wakaandika juu yake neno "jioni". Hapakuwa na boksi, hapakuwa na karatasi ya maelezo. Nilipofika nyumbani nikaiweka bahasha ile ndani ya kopo la maziwa, pamoja na kalma nyingine. Zile za goti zilipokwisha, Consolate hakununua tena. Ya nini, wakati tuna kalma za hospitali?

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mvua. Na wiki zile za kwanza, nitasema ukweli, zilikuwa tamu. Mama alilala. Mama aliamka, akaketi mahali alipowekwa. Alasiri ikafika, mtandio ukabaki msumarini. Nikaandika makala mbili bila kuinuka kitini. Wazee wa Buyenzi, mtaa alikokulia, walikuja kumjulia hali, wakampata amekaa kimya na mikono mapajani, wakanipongeza kana kwamba nimemlea mwenyewe.

"Kalma hiyo ni ya wapi?" aliniuliza shangazi mmoja. "Na mimi mzee wangu anasumbua."

Nilimwandikia jina la kliniki. Nimekwisha kumpigia simu kumwambia achane nayo, na nitarudi kwenye jambo hilo.

Mvua ilivyozidi, Mama alipungua. Hatua zake zikawa fupi, anaburuza, kama sakafu nzima ina sabuni. Mkono wa kushoto ulikunjika ukakaa hivyo. Uso wake, ambao ulikuwa na nyusi za kupatana bei, nyusi zilizoweza kukufanya uone haya kwa kutaja bei ndogo, ulifungwa kama duka siku ya maziko. Mate yakaanza. Na vidole: kidole gumba kikawa kinasugua kile cha shahada, kinasugua, kinasugua, mchana kutwa. Saidi aliona, macho yakamlengalenga. "Ona, dada. Bado anapima vitambaa." Tukatabasamu kwa mapenzi. Nikaandika hata sentensi nzuri juu ya jambo hilo.

Haikuwa vitambaa. Ilikuwa dawa. Hiyo sentensi yangu nzuri nimeifuta, lakini bado inanitafuna.

Nilirudi kwa yule daktari, peke yangu, maana Mama hakuweza tena kuteremka ngazi. Nikamwambia anatembea vibaya, anatokwa na mate, hasemi. "Ni umri, madamu," alisema, akizunguka kidogo kitini. "Ugonjwa unaendelea. Na nyinyi endeleeni." Nikaondoka nimeridhika. Hivyo ndivyo elimu inavyofanya kazi: nilisikia kitenzi kimoja kimetumika vizuri mara mbili, nikaridhika.

Ramadhani ikaingia. Mama alikuwa hafungi tangu alipougua, lakini miaka yote alipenda kuketi nasi wakati wa kufuturu na kulalamikia sambusa zangu. Mwaka huu aliketi, hakulalamika. Uji ulikaa mdomoni kama ameusahau. Siku moja Consolate akaniambia akiwa jikoni, anakamua ndimu:

"Madamu, leo goti limemusumbua bibi, analia tu, chini-chini. Nimemuongezea kalma. Si muganga alisema akisumbuka tuongeze?"

"Umefanya vizuri," nilisema.

Kifaransa cha daktari kilikuwa na maana ya *akisumbua*. Mimi nilipotafsiri nyumbani nilisema sijui nini. Consolate alisikia *akisumbuka*, kwa sababu ana roho nzuri, na mtu mwenye roho nzuri hawezi kufikiri kwamba kikongwe anapewa dawa kwa ajili ya watu wengine. Ikawa kila goti lilipouma Mama aliongezewa ile dawa. Dawa haikuligusa goti. Ilimwondolea nguvu ya kutuambia kwamba linauma. Na sisi tukasema kalma inafanya kazi.

Mwisho wa Ramadhani alianguka msalani, akapasuka juu ya jicho. Wiki moja baada ya Idi, Consolate akiwa anamnywesha uji mchana, Mama alipaliwa, akageuka rangi. Saidi alikuwa ameliacha gari lake kwenye foleni ya mafuta tangu juzi yake. Jirani yangu, mmoja wa wale wapole, alitoka na gari lake lenye mafuta aliyokuwa amejiwekea kwa safari ya harusi, akatuteremsha mlima mvua ikinyesha, wala hakutaja harusi. Nimemsamehe ule upole wote.

Hospitalini walisema mapafu yameingiwa na chakula na sasa yana maambukizi. Walimwekea oksijeni. Alasiri ile alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima wetu na mzigo. Saidi alifika amelowa, akamtazama, akainama sikioni kwake akaanza kumtamkisha kalima, ile shahada tunayomtamkisha mtu anayekwenda. Midomo ya Mama haikusogea. Nilisimama upande wa pili wa kitanda nimeshika kopo la maziwa. Nilikuwa nimelibeba kutoka nyumbani bila kujua kwa nini, labda kwa vile mkono ulitaka kubeba kitu.

Daktari wa wodi, mwanamke wa makamo anayeitwa Goreti, aliingia, akafanya jambo ambalo lilinishangaza kiasi kwamba nililitazama kama mchezo. Aliinama hadi uso wake ukawa mbele ya uso wa Mama, akasema, "Shikamoo mama. Mi niko Goreti. Nitakugusa kifua." Akasubiri kidogo. Kisha ndipo akamgusa.

Baadaye akatugeukia. "Anatumia dawa gani?"

"Kalma tu," tulisema.

"Kalma ya nini?"

"Ya goti," akajibu Saidi.

"Ya fujo," nikajibu mimi.

Tulijibu kwa pamoja. Tukatazamana. Daktari Goreti alitutazama kwa zamu, akanyoosha mkono, nikampa kopo. Alimimina vyote kwenye beseni la chuma kando ya kitanda. Vilikuwa vimebaki vidonge vya aina moja tu.

"Yampaye inka," alishangaa kwa Kirundi, taratibu, kama mtu aliyemwona nyoka ambaye hataki kumshtua. "Na mnampa ngapi?"

Tukamwambia. Kimoja jioni. Na goti likiuma, kingine. Siku nyingine vingine.

"Hii si ya goti. Hii ni dawa ya mutu mwenye wazimu, anayesikia sauti, anayetaka kuua ao kujiua. Kuna wazee bachache sana tunabapa, kidogo, muda mufupi, na tunabaangalia kila mara. Muzee aliyepoteza kumbukumbu, hii inamukaza mwili, inamuangusha, inamufanya apaliwe. Inaleta kiharusi. Inaua." Akaniuliza mimi, sijui kwa nini mimi. "Nani aliwaambia hayo?"

"Hakuna."

"Na mwanzoni, kabla ya hii. Alikuwa anasumbua, ao alikuwa anasumbuka?"

Nimekaa na vitabu maisha yangu yote, na sijawahi kuulizwa swali lenye tofauti ndogo namna hiyo na zito namna hiyo. Nikasema, nadhani, alikuwa anatusumbua. Daktari akafunua shuka, akaweka kiganja juu ya goti la kulia, akalikunja kidogo sana. Mama, ambaye alikuwa hajatoa sauti tangu kabla ya Idi, alitoa moja. Haikuwa neno. Lakini Saidi aliruka kama ameungua.

"Kila mara mukimuogesha mulikuwa munamukalisha wapi?"

"Kwenye kigoda," nilisema. "Kifupi."

"Basi," alisema, akamfunika.

Hivyo ndivyo tulivyojua. Mama yangu alikuwa akimpiga Consolate kwa sababu kila asubuhi tulimkunja goti lililoharibika mpaka chini kabisa, naye hakuwa na neno la kutuambia. Alihitaji kalma. Alihitaji hasa kile ambacho kila mtu mtaani kwetu anaita kalma, kile kinachouzwa karibu na sabuni. Badala yake mtu mwenye shahada alimwandikia kalma nyingine, mtu mwingine mwenye shahada akaipokea, na wote wawili tulikuwa tunaongea Kifaransa fasaha.

Najua ninavyoonekana. Mnaweza kusema ningeuliza. Nimejicheka kwa hilo hadi kicheko kimeniishia. Lakini sitabeba mzigo wa mtu mwingine kwa sababu tu mimi ninajua kujicheka na yeye hajui. Kazi ya kusema "dawa hii inaweza kumuua mama yako" haikuwa yangu. Ilikuwa ya yule aliyejua.

Siku Mama alipotolewa oksijeni, Daktari Goreti alituita nje, kwenye ua wa hospitali ambako familia za wagonjwa huanika nguo na kuchemsha maharage. Alisema dawa itapunguzwa polepole, si kukatwa ghafla, na yeye atamfuatilia. Goti litapewa dawa yake. Na fujo huenda zikarudi.

Daktari alipoondoka, Saidi alinigeukia.

"Zikirudi tutafanya nini?"

"Tutazipokea."

"We unasema hivyo kwa sababu unapenda maneno, dada. Mi nataka mama yangu apumzike. Alikuwa ametulia."

"Alikuwa anakufa, Saidi. Ilikuwa inafanana."

Alinigeuzia mgongo. Mabega yakaanza kumtikisika. "Mi nilimupa kwa mukono yangu," alisema kuelekea kwenye kamba ya nguo za watu. "Kila Jumapili nilikuja, nikamupa kwa mukono yangu, nikamuambia kunywa mama, ni ya goti." Mama mmoja aliyekuwa akichochea sufuria akatusogezea kiti bila kuuliza ni nani amefariki. Saidi akaketi. Kisha hatukusemeshana kwa muda mrefu, yeye kwa sababu yake, mimi kwa yangu. Tulipishana mlangoni mwa wodi kama wafanyakazi wa zamu.

Mvua zilipoelekea kuisha nilikwenda Rohero. Nilikaa tena kwenye vile viti vya chungwa, kopo la maziwa mapajani. Nilikuwa nimetayarisha hotuba kwa Kifaransa, yenye vifungu, iliyopanda kama ngazi na kumalizika kwa swali ambalo hakuna mtu mwenye haya angeweza kulijibu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni. Jina langu likaitwa, nikaingia, daktari akazunguka kitini, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamweleza yaliyotokea. Akasikiliza na akasema dawa ile inatumika dunia nzima, madamu, na kwamba wagonjwa wa namna hii, kwa bahati mbaya, hali zao hushuka.

Hotuba yote ikanitoka kichwani. Nikasema, kwa Kiswahili, Kiswahili cha Mama:

"Hukumusalimia."

"*Pardon*?"

"Alikuambia umusalimie. Hukumusalimia."

Alinitazama kama mimi ndiye ninayehitaji kalma. Nikaondoka na kopo langu.

Kwa hiyo wewe unayesoma. Jina la kidonge sitakutajia kwa kuwa kina ndugu wengi, na ukikijua kimoja utawaamini wengine. Mtu akikwambia anampa mzazi wako kitu cha kumtuliza, muulize ni cha nini, cha kumtuliza nani, na siku gani kitakoma. Usitoke mle ndani mpaka ujibiwe kwa lugha mnayoongea jikoni. Dai boksi lenye jina na karatasi yake. Na kama tayari anakitumia na umeanza kuona zile hatua za kuburuza, yale mate, ule uso uliofungwa, usivitupe vidonge jalalani leo kwa sababu ya hasira zangu. Kuvikata ghafla nako ni hatari. Tafuta daktari anayeinama. Wapo. Shangazi yangu wa Buyenzi, nilipompigia, alinijibu kwamba mzee wake ametulia vizuri na mimi nisimletee mikosi. Nimempigia tena. Nitaendelea kumpigia hadi anifungie simu, kisha nitakwenda kwa miguu.

Nyumbani tulimnunulia Mama kiti kirefu cha kuogea. Consolate alikijaribu yeye kwanza, akaketi akiwa amevaa nguo zake zote, akasema hata yeye anakitaka. Goti lilipata kalma yake. Ule mkono ulikunjuka, siyo wote. Vidole bado vinasuguana kidogo, na daktari anasema huenda vikabaki hivyo. Anameza uji mzito tu. Yapo aliyokuwa nayo kabla ya bahasha ile ambayo hayatarudi, na hakuna wa kumdai.

Kisha kiangazi kikaingia, vumbi likapanda mlimani, na alasiri moja nilisikia kitu kinagonga sakafu. Nilipotoka, Mama alikuwa amesimama ameshika ukuta, mtandio kichwani umekaa upande.

"Naenda kufunga," alisema. Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa yake.

Nilifungua mdomo. Nikamkumbuka yule mama wa sketi.

"Vipande ngapi vimebaki, Mama?"

"Utajua vipi, we Mufaransa? Kazi yako kuandika-andika tu. Tunachelewa!"

Nikampigia Saidi, kwa mara ya kwanza tangu uani pale. Akaja na gari. Alimbeba Mama akamketisha mbele, akamfunga mkanda. Hatukujua tunakwenda wapi. Pale soko lilipokuwa hatukuthubutu. Saidi aliendesha hadi Asiatique, akasimama mbele ya duka lake, akamwekea kiti nyuma ya meza, kati ya mikanda ya feni na chujio za mafuta.

Mama akatazama rafu. Akavuta bidhaa moja baada ya nyingine, akazisugua kwa kidole gumba. "Vitambaa gani hivi? Vina grisi. Nani aliweka hapa? Saidi! We mutoto ni muchafu tangu zamani."

"Ndiyo, Mama."

Mteja mmoja, fundi kutoka gereji ya jirani, alikuwa anasubiri bomba la breki. Mama akamkamata shati, akaanza kumwambia kwa sauti ya soko zima kwamba aliyemuuzia amemwibia, kwamba aje kwake, kwamba asisimame tu kama nguzo, anunue au aondoke. Watu wa upande wa pili wa barabara wakageuka. Akapiga meza kwa kiganja. Chujio moja ikaanguka.

Fundi akajichomoa akicheka, lakini bila furaha. "Muzee Saidi, huyu bibi anasumbua."

Mdogo wangu aliinama akaokota chujio, akaipangusa kwa shati lake mwenyewe, akamrudishia Mama mkononi.

"Muache asumbue," alisema. "Ni meza yake."